Mguu Mzima Uliojifanya Mchovu

"Uko tayari?"

"Niko tayari tangu juzi, Dokta."

"Mimi si daktari. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara mia na ushee. Nitaacha siku utakayoniambia nikuite nani."

Jamani! Mwanamke mzima, cheti chake cha fiziotherapia kimetundikwa ukutani, miaka saba ananyoosha watu viungo, akainama kuinyoosha tepu ya sakafuni ambayo ilikuwa imeshanyooka, ilimradi tu uso wake usionekane. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Moyo nao ulikuwa umeanza vituko vyake tangu asubuhi, alipofungua daftari la miadi na kuona saa nane mchana limeandikwa jina la mtu yule.

Pale kliniki hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kliniki ilikuwa ya mama yake, yenye vyumba viwili vya matibabu vinavyotazamana, na wagonjwa waliozoea walisema tu, "Mimi naenda kwa Mama," au "Leo niko kwa Binti." Yeye ndiye Binti. Na huyu aliyesimama mbele yake kwa kaptura nyeusi, peku, walimwita Nguzo. Kwanza kwa urefu wake, pili kwa kazi yake ya kupanda nguzo kutengeneza nyaya za umeme.

Alikuja miezi kumi iliyopita akichechemea. Aliruka kutoka ngazini, vipago vitatu vya mwisho, kwa haraka ya kwenda kula, goti likajipinda. Kwingine walimwambia ameteguka tu, achue kwa dawa. Binti hakushika dawa. Alimuuliza, "Ulisikia mlio?" Akajibu, "Kama kijiti kikavu." "Likavimba siku ileile?" "Kabla hata sijafika nyumbani." Akamlaza kitandani, akalikunja goti, akauvuta mguu wa chini kuja kwake. Ukatoka taratibu kama droo ya kabati. Palepale akajua kano ya ndani ya goti imekatika. Picha ikathibitisha, daktari wa mifupa akapasua na kuweka kano nyingine, kisha akamrudisha kwa Binti aujenge mguu upya.

Mara tatu kwa wiki, miezi tisa. Hebu niambieni nyinyi: mtu umemshika goti mara tatu kwa wiki, umemwona anauma meno jasho likimtiririka, umemwona anacheka kama mtoto siku alipopanda ngazi bila kushika ukuta, moyo wako utaufungia wapi?

Wiki mbili nyuma, akiwa juu ya baiskeli ya mazoezi, Nguzo alikuwa ameacha kukanyaga ghafla.

"Nikipona," alisema, "nina jambo nataka kukuomba."

"Jambo gani?"

"La mimi na wewe kutoka pamoja. Siyo kwenda kupima mguu."

Binti aliangalia mlango wa chumba cha mama yake kabla ya kujibu. "Wewe ni mgonjwa wangu. Siku jina lako likitoka kwenye daftari langu, ndiyo uniulize."

Hakujua alikuwa anawasha moto gani.

Sasa leo ndiyo leo. Ofisi ya umeme ilitaka barua kabla ya saa kumi. Nguzo akifaulu kipimo, anarudi kazini na jina linatoka daftarini. Akishindwa, kesho anapelekwa kukaa stoo ya mji mwingine, safari ya siku nzima, kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo mnaelewa wenyewe kwa nini kiganja cha Binti kilikuwa kinatoa jasho.

"Mguu mzima kwanza," alisema akijikaza. "Unaruka mbele kwa mguu mmoja, unatua kwa huohuo, unatulia mpaka nihesabu mbili. Ukiyumba haihesabiwi. Halafu mguu uliopasuliwa. Nao ufikie angalau tisini kwa mia ya mwenzake."

"Naijua sheria, Dokta. Naota nayo."

Akaruka kwa mguu mzima. Mia moja arobaini na sita. Tena, mia moja arobaini na saba. Tena, mia moja arobaini na nane. Binti akaandika.

Ukaja mguu uliopasuliwa. Nguzo akavuta pumzi, akakunja goti, akaruka. Puu! Akatulia. Moja, mbili.

"Mia moja thelathini na moja," Binti alisoma. "Tena."

"Mia moja thelathini na tano. Tena! Sukuma kwa paja, usisukume kwa vidole!"

Nguzo aliruka, akatua, akatulia kimya, mikono ameitandaza. Binti alipiga magoti pembeni ya kisigino chake kusoma tepu. Mia moja thelathini na tisa! Vidole vikakimbilia kikokotoo. Tisini na nne kwa mia!

"Umefaulu!" Alipiga kelele mpaka mwenyewe akashtuka. "Tisini na nne! Umefaulu wewe!"

"Kweli?"

"Kweli tupu!"

Alisimama kwa kishindo, akajikuta wamekaribiana sana, amemshika mikono yote miwili, na macho ya Nguzo yakimtazama kwa namna ambayo hakuna kitabu cha mifupa kilichowahi kumwandaa nayo. Ukuta ukagongwa mara tatu kutoka chumba cha pili.

"Huko kuna usalama?" ilikuwa sauti ya Mama.

"Upo, mama!"

"Basi upunguzwe!"

Wakaachiana wakicheka kimoyomoyo. Binti akakaa mezani, akafungua faili ili ajaze barua. Kalamu ilikuwa imeshaandika tarehe, macho yakateleza kwenye ukurasa wa nyuma, wa wiki sita zilizopita. Mguu mzima, mia moja sitini na mbili.

Akasoma tena. Mia moja sitini na mbili. Leo, mia moja arobaini na nane.

Jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona, yeye hakuliona. Kila kipimo kinalinganishwa na cha nyuma kabla ya kushangilia. Lakini alitaka sana huyu mtu afaulu, ndiyo maana hakufungua ukurasa. Mguu mzima hauchoki kwa wiki sita bila sababu. Mguu mzima ukirushwa kidogo, mwenzake mgonjwa huonekana shujaa.

"Nguzo," alisema polepole. "Huu mguu wako mzima unaumwa?"

"Hapana."

"Umelala vibaya jana?"

"Nimelala vizuri tu."

"Sasa sentimita kumi na nne zimekwenda wapi?"

Nguzo alikohoa. Alitazama dari, akatazama mipira ya mazoezi, akatazama vidole vyake vya miguu kama anavihesabu. Mwanaume mrefu hivyo, mwongo mbovu kuliko wote.

"Umejizuia," Binti alisema.

"Kidogo."

"Kidogo! Arobaini na sita, saba, nane, zimepangana hivyo! Umefanyaje?"

"Nilifanya mazoezi," alijibu kwa aibu. "Nyumbani, kwenye ukumbi. Nilichora chaki. Siku kumi najifunza kuruka vibaya kwa mguu mzuri. Dada yangu alinikuta saa kumi na mbili asubuhi naruka kama kunguru, akataka kunipeleka hospitali ya kichwa."

Binti alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akachagua hasira, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Umenidanganya!"

"Sikukudanganya wewe. Nimeidanganya tepu."

"Tepu ni mimi! Barua ingekuwa na sahihi yangu! Unajua ningekuwa nimeandika nini? Ningeandika kwamba upande mita tisa, mguu mmoja umeubana kwenye nguzo, mwingine umebeba mwili mzima na mkanda wa vifaa. Huo mwingine ukiwa hauna nguvu, goti linageuka hukohuko juu. Nani atakudaka? Mimi?"

"Ungeweza," alisema kwa sauti ndogo.

"Usinichekeshe, nimekasirika!"

"Basi nisikilize." Nguzo alikaa ukingoni mwa kitanda, macho yakawa sawa na ya Binti. "Uliniambia jina langu likitoka kwenye daftari ndiyo nikuulize. Nikishindwa leo, kesho naondoka. Mwaka mzima. Unafikiri kwa mwaka hatatokea mtu mwenye magoti mawili mazima akakuchukua? Nilipiga hesabu, nikaona nguzo haziniogopeshi. Kilichoniogopesha ni hicho."

Maneno hayo yalimwingia Binti mpaka kwenye mifupa, na mifupa ndiyo kazi yake. Lakini alikuwa na jambo lake kooni, la miaka mingi.

"Baba yangu alikuwa mgonjwa wa mama," alisema. "Alivunjika bega. Mama alimnyoosha mpaka akaweza kubeba mtoto, na mtoto mwenyewe nikawa mimi. Nilipofika miaka miwili, bega halimuumi tena, akaondoka. Mama husema mgonjwa hupenda mkono unaomwondolea maumivu. Yakiisha maumivu, na mkono husahauliwa. Kliniki hii ina sheria moja tu isiyoandikwa: mgonjwa hapendwi."

"Na wewe unaiamini?"

"Leo umenipa sababu ya kuiamini."

Nguzo akasimama, akaenda kwenye mstari wa tepu.

"Pima," alisema.

"Unafanya nini?"

"Pima, nimesema."

Akaruka kwa mguu mzima, safari hii kwa moyo wake wote, akapaa, akatua karibu na mlango na kutulia. Binti alisoma bila kuamini. Mia moja sitini na tano. Hakuhitaji kikokotoo, ila alikibonyeza hivyohivyo akitumaini kitamwonea huruma. Themanini na nne kwa mia.

"Andika," alisema Nguzo.

"Unajua nikiandika hivi kesho uko njiani?"

"Najua. Wewe andika. Sikukupenda kwa sababu goti limeacha kuuma, maana hata leo linauma. Unakumbuka wiki ya kumi? Ulinizidishia uzito, goti likavimba. Mimi nilidhani ni kosa langu, nilikuwa nimetembea sana. Ukanipigia simu nyumbani kuniambia, 'Nimekosea mimi, si wewe.' Watu wenye vyeti ukutani hawasemi hivyo. Niliweka simu chini nikajua nimekwisha. Sasa sitaki uandike uongo kwa ajili yangu. Nitakaa huko stoo nihesabu vile vikombe vya kauri vya kushikia nyaya, na nitakupigia kila siku mpaka unichoke."

Enhe! Mwanamke afanye nini hapo? Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na cha Binti kilikuwa kimembana miezi mitatu. Miezi mitatu alikuwa na dawa yake kwenye droo ya chini, hataki kuigusa: fomu ya kumhamishia mgonjwa kwa mtaalamu mwingine. Mtaalamu anayeona hawezi kumtibu mtu kwa haki, humhamisha. Ni kitu cha kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba pale kliniki mtaalamu mwingine alikuwa mmoja tu, na fomu ilikuwa na mstari unaotaka sababu.

Alivuta droo. Akaandika kwanza matokeo ya kweli, themanini na nne, hajawa tayari kupanda. Halafu kwenye fomu, jina la mgonjwa. Goti la kushoto. Anahamishiwa: chumba cha pili. Sababu.

Kalamu ilisimama hapo. Nguzo alikuwa anaichungulia fomu kichwa chini miguu juu. Binti akaandika neno moja, kwa herufi kubwa, ili asije akasema baadaye hakuandika.

NINAMPENDA.

Nguzo alikaa chini bila kuangalia, bahati kiti kilikuwepo.

"Hiyo fomu," alisema, "anaisoma nani?"

"Mama."

"Mungu wangu! Afadhali stoo!"

"Simama twende. Uliweza kuruka, na kutembea utaweza."

Mama alikuwa chumbani kwake anakunja mashuka, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyowahi kurudisha mabega ya wabeba mizigo. Nguzo aliinama mpaka akaonekana mfupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye kelele za saa nane."

Binti akampa fomu. Mama akavaa miwani. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Umeandika kwa kalamu ya wino," Mama alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Wino haufutiki."

"Sitaki ufutike."

"Sheria ya hapa unaijua."

"Naijua. Na sababu yake naijua. Ndiyo maana nimemleta kwako badala ya kukuficha. Sitamshika tena goti mimi. Ila kumpenda, mama, hilo nimeshindwa kuliacha."

Mama akageuza miwani kwa Nguzo. Ilikuwa zamu yake, maskini.

"Binti yangu umemdanganya leo?"

"Ndiyo, mama."

"Unakiri upesi hivyo?"

"Ameshanikamata, mama. Niliuzuia mguu mzima ili nionekane nimepona. Halafu nikaruka tena vizuri mwenyewe. Nimepata themanini na nne."

"Kwa nini uliruka tena, na barua ilikuwa inakuja?"

"Barua nyingine yoyote ningeichukua. Yenye sahihi yake sikuweza."

Pembe ya mdomo wa Mama ilicheza kidogo, ikatulia. "Na ukipona kabisa? Wanaume wakipona huwa na miguu myepesi sana."

"Nikipona nataka nitoke kwenye daftari lake, mama. Kwenye maisha yake sitoki, labda anifukuze mwenyewe."

Mama alipigapiga kitanda kwa kiganja. "Panda hapa."

Nguzo akapanda. Mama akachukua futi ya kamba, akazungusha paja la kulia, akazungusha la kushoto, vidole vyake vikibonyeza nyama kama mtu anayechagua nyanya. Binti, kwa mazoea ya miaka saba, akasogea na kushika ncha ya futi upande wa pili.

"Paja la kushoto limepungua sentimita mbili," Mama alisema. "Na mnamtaka apande nguzo! Na hao wa ofisini kwake wanataka kumpeleka stoo mwaka mzima huko kusiko na mtu wa kumsimamia mazoezi! Hili paja likikaa mwaka bila kazi, hata kiti litashindwa kupanda. Namba ya mkubwa wako ni ipi?"

Alipiga palepale. Ilikuwa saa tisa na nusu. Walimsikia akisema kwa sauti ile ambayo haijawahi kushindwa na mkubwa wa mtu: mgonjwa hayuko tayari kupanda, anahitaji mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi na mbili kwenye kliniki hii, kisha atapimwa upya. Hahami. "Kaunta ya wateja mnayo?" aliuliza. "Si mnayo? Basi muwekeni huko. Barua inakuja." Akakata simu.

Binti na Nguzo walitazamana, wote wawili midomo wazi. Wiki kumi na mbili! Binti alitaka kumrukia mama yake shingoni.

"Msinitolee macho," Mama alisema akiandika. "Sijamfanyia mtu fadhila. Paja ni paja. Ningeandika hivihivi hata angekuwa jirani ninayegombana naye. Haya, kunja goti. Taratibu, huku si kwa Binti, huku watu hulia."

Nguzo akakunja goti, akauma meno. Binti akanyoosha mkono kumsaidia kisigino. Mama akaupiga mkono ule kofi dogo.

"Wewe bado unafanya nini humu?"

"Namshikia mguu, mama."

"Mguu una mwenyewe, na una mtaalamu wake. Toka."

Furaha yote ikamkauka Binti usoni. "Mama, nilidhani umekubali..."

"Toka nje, nimesema." Mama hakuinua macho kutoka kwenye goti. "Ndugu wa wagonjwa hawaingii chumba cha matibabu. Ndugu wanasubiri nje, kwenye benchi."

Binti alifika mlangoni bado anadhani amefukuzwa. Mkono ulikuwa kwenye kitasa ndipo neno lile lilipomfikia. Ndugu. Aligeuka. Mama yake alikuwa ameinamia kazi, uso ameuficha, lakini miwani ilikuwa imeingia ukungu. Nguzo juu ya kitanda alikuwa anatabasamu huku machozi ya maumivu yanamtoka.

Akatoka. Miaka saba amepita mbele ya benchi lile na mafaili mkononi, hajawahi hata siku moja kulikalia. Alikaa. Mikono hakujua aiweke wapi, akaiweka magotini kama wengine. Pembeni yake alikuwapo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anamsubiri mumewe, amekumbatia viatu vyake. Alimsogezea nafasi.

"Na wewe mwanangu," alimuuliza kwa upole, "una mgonjwa humo ndani?"

Binti alivuta pumzi. Kutoka nyuma ya mlango Nguzo alipiga yowe la nguvu, na Mama akamwambia anyamaze.

"Ninaye," alisema.